Kutoka Mjengoni Hadi Chumba cha Plasta

Watu huniuliza kama nilipata wito. Huniuliza hasa siku ya Sabato tukitoka kanisani, mtu akija kunisalimia kwa sababu mkono wa mama yake niliufunga mimi. Wanatarajia niseme kwamba tangu utotoni nilikuwa nikiota kuwahudumia wagonjwa. Sikuwa nikiota. Nilikuwa fundi wa vigae, tena fundi mzuri, na ningeendelea hivyo mpaka magoti yanishinde kama watu hawangeacha kujenga. Hospitalini niliingia nikitafuta kazi ambayo haisimami. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nimeona vijana wengi wakiogopa kuchagua kazi kwa akili zao wenyewe, wakingoja kwanza sauti fulani iwaite.

Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Kwa Kijaluo mjomba huyo ni nera, nami sijawahi kumwita vingine. Baba alifariki nikiwa bado sekondari, na nera ndiye aliyenisomesha hadi nikamaliza. Nilipita vizuri biolojia na kemia, lakini nyumbani kwetu Uriri kulikuwa na wadogo zangu waliokuwa wanangoja zamu yao ya shule. Nera, ambaye naye huniita okewo, yaani mpwa, akaniambia, "Okewo, chuo kitakungoja. Kuja mjengoni kwanza." Nikaenda. Chuo kilingoja zaidi ya miaka kumi.

Sikujuta miaka hiyo. Nera alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Alikuwa na uwezo wa kuingia chumbani, akasimama mlangoni, akakuonyesha kigae kilichoinuka upande mmoja kabla hujaweka pimamaji. Alinifundisha kusikiliza kigae kwa kukigonga kwa kucha. Kikilia kama kopo tupu, chini yake kuna hewa, na siku moja kitapasuka. "Kitoe," angesema, hata kama chumba kizima kilikuwa kimekwisha. Tulijenga Migori mjini, Rongo, Awendo, tukashuka hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Tuliweka sakafu za wauza dhahabu, za wakulima wa miwa, za watu wa Nairobi waliotuma picha za bafu walilolitaka kwa simu. Nilioa katika miaka hiyo. Mke wangu ni binti wa Rusinga, nami humwita hivyo mpaka leo, Nyar Rusinga. Yeye ni fundi cherehani, hushona sare za shule.

Kisha mambo yakakaza. Hayakukaza kwa siku moja. Kwanza saruji ilipanda, na wenye nyumba wakasema tungoje kidogo ishuke. Haikushuka. Mafuta nayo yakapanda, na kila kitu kinachobebwa na lori kikapanda pamoja nayo. Watu wa Nairobi wakaacha kutuma picha za bafu. Wakulima wa miwa walikuwa na miwa shambani lakini mfukoni hawakuwa na kitu. Ukipita barabarani uliona nyumba zimeishia kwenye linta, juu tu ya madirisha, nondo zikichomoza juu na kuanza kuota kutu, na ndani yake mbuzi wa jirani wakijikinga jua. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka alikuwa akicheza drafti na wapakiaji wake tangu asubuhi. Mafundi wenzetu walianza kutawanyika. Mmoja alinunua bodaboda, mwingine akaenda machimbo ya dhahabu, wengine wakarudi kulima.

Sisi tulibaki na makaburi.

Kwetu mtu akizikwa hujengewa, na siku hizi wengi hutaka vigae juu. Kabla ya hapo kaburi lilikuwa kazi ndogo, ya kujaza siku. Sasa lilikuwa ndiyo kazi. Nera hakulalamika. Alifunga vifaa vyake kwenye pikipiki kama alivyofunga siku zote, akaenda akaweka pembe za kaburi kwa uangalifu uleule aliouweka sebuleni.

Siku moja tuliitwa kwenye boma moja nje kidogo ya Uriri. Mwenye boma alikuwa ameanza nyumba kubwa, akaifikisha kwenye madirisha, kisha ikamshinda kuendelea. Halafu akaugua, akafa. Mjane wake alitupeleka stoo, akatuonyesha maboksi ya vigae yaliyopangwa ukutani, bado na kamba zake za dukani. Vilikuwa vigae vya rangi ya mchanga, vyenye mishipa ya kahawia, vizuri sana.

"Mama," nera akamwambia, "hizi ni taili za sebule. Kwa kaburi tunaweka zile ndogo."

"Najua ni za sebule," mjane akasema. "Alizichagua mwenyewe. Kila siku alikuwa anakuja hapa kuziangalia. Mwekee."

Tukamwekea. Tulifanya kazi kutwa. Mjane alitutengenezea uji, akakaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama, na kila boksi lilipokwisha aliinuka akachukua lile boksi tupu, akalikunja vizuri na kulipeleka ndani. Tulipomaliza, nera aligonga kila kigae kwa kucha kama kawaida yake, akainuka taratibu akishika kiuno.

"Watu wameacha kujenga nyumba za kukaa," akasema tukirudi. "Wanajenga za kulala tu."

Maneno hayo yalikaa nami. Nilikuwa nimeshapita umri wa miaka thelathini, nina watoto wawili, mikono yangu ina nguvu, na kazi iliyobaki kwa mikono hiyo ilikuwa ya kufunika wafu. Nikaanza kujiuliza ni nani, katika watu ninaowajua, ambaye bado alikuwa anaamka asubuhi na kwenda kazini kama zamani. Walimu walikuwepo. Polisi walikuwepo. Na jirani yetu mmoja, nesi, ambaye kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yetu na sweta yake ya bluu, mvua inyeshe au jua liwake.

Jibu lilikuja lenyewe baada ya muda mfupi. Mkandarasi tuliyewahi kufanya naye kazi alipata zabuni ya kukarabati jengo la wagonjwa wa nje katika hospitali moja Homa Bay, akatuita tuweke sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuona mchanga mwingi namna ile umemwagwa mahali pamoja. Tulipewa korido ndefu, na kwa kuwa hospitali haikuweza kufungwa, tuliweka vigae upande mmoja watu wakipita upande mwingine.

Mwisho wa korido kulikuwa na chumba ambacho mlango wake haukufungwa kutwa nzima. Juu yake pameandikwa Chumba cha Plasta. Ndani alikuwepo mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye aproni nyeupe iliyojaa madoa meupe zaidi yake, kiasi kwamba kwa mbali ungedhani ni mtu wa mjengo kama sisi. Waliletwa kwake watu wa bodaboda wenye miguu iliyovunjika, watoto walioanguka kwenye mipera, wazee walioteleza msalani. Siku zote tulizofanya kazi pale, benchi lake halikuwahi kuwa tupu.

Nilianza kumwangalia kazini. Mwanzoni niliangalia kwa sababu niliitambua ile kazi. Alichovya bandeji ya plasta ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu, akangoja mapovu yaishe, akaikamua kidogo bila kuisokota. Nami nilijua kwa nini: ukikamua sana, unga wote unaondoka na maji. Alizungusha bandeji juu ya pamba, tabaka baada ya tabaka, akilainisha kwa kiganja huku akitembeza mkono bila kusimama. Plasta ilipoanza kukaza, aliacha kugusa kabisa. Mtu asiyejua huendelea kupapasa, na huko ndiko anakoharibu. Kuhusu hilo nera alinipigia kelele mwaka mzima.

Siku ya tatu au ya nne aliniona.

"Wewe fundi, unaziba mlango," akasema. "Ama unataka kuvunjika ndiyo uingie?"

"Hapana, madam. Naangalia tu. Kwa nini hutumii vidole?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilingoja. "Kidole kinaacha shimo. Shimo kwa nje ni nundu kwa ndani. Hiyo nundu itakula ngozi ya mgonjwa polepole, na yeye hawezi kujikuna." Akaendelea na mguu uliokuwa mbele yake. "Ulisoma mpaka wapi?"

Nikamwambia. Akaniuliza biolojia nilipata nini, nikamwambia hiyo pia.

"Na uko hapa chini unaweka taili."

"Taili si mbaya, madam."

"Sijasema ni mbaya. Hiyo korido yako imenyooka kuliko mguu wowote nimefunga wiki hii." Mgonjwa akacheka, akajuta kwa maumivu. "Nasema hii kazi inasomewa. Chuo kiko hapahapa Homa Bay. Ukitaka kujua mambo yake, pita saa ya chai."

Nilipita saa ya chai siku hiyo, na kesho yake, na siku zote mpaka korido ikaisha. Aliniambia mambo yote bila kupamba. Mshahara wa serikali huchelewa. Migomo ipo. Mgongo utauma. Utapigiwa kelele na watu wenye maumivu, na wengine watakupumulia pombe usoni. "Lakini sijawahi kuamka nikajiuliza kama leo kuna kazi," akasema. "Hata mwaka ule watu wote walifungiwa nyumbani, mimi nilikuwa hapa."

Nilimwambia mke wangu mara niliporudi nyumbani. Alikuwa akishona pindo la sketi kwenye mashine, na hakuinua macho.

"Unaenda kwa sababu unaogopa?" akauliza.

"Naenda kwa sababu mjengo umekufa."

"Hiyo ni kuogopa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamweleza juu ya ile ndoo, mapovu, kiganja, shimo la kidole. Nikamweleza kuhusu mtoto aliyeingia analia na akatoka akionyesha watu plasta yake kama saa mpya. Nilizungumza muda mrefu. Nilipomaliza, mashine ilikuwa kimya.

"Sasa hivi umeongea kama ulivyokuwa unaongea kuhusu taili tulipooana," akasema. "Kama ungekuja na huo woga peke yake ningekukatalia. Nenda. Nyumba nitaibeba. Watoto wa watu hawajaacha kwenda shule, na shule hazijaacha sare."

Nera ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimkuta kwake, amekaa nje akinoa mwiko wake ambao haukuhitaji kunolewa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Utakaa darasani na watoto," akasema.

"Nitakaa, nera."

"Na mambo yakirudi? Watu wakianza kujenga? Nitamwita nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa amepanga kuniachia kazi yake. Hakuwa amewahi kusema, lakini alikuwa na mabinti pekee, wote wameolewa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nimejifunza kusikiliza vigae kama yeye. Nikamwambia mambo yakirudi nitakuja likizo. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Kisha akaniuliza hicho chuo kinataka mtu aje na nini. Nikamwambia vitabu na koti jeupe. Wiki iliyofuata koti lililetwa dukani kwa mke wangu na mtu wa bodaboda, halina ujumbe, kubwa kidogo mabegani. Nyar Rusinga akalipunguza.

Darasani nilikuwa mzee. Wenzangu walikuwa wametoka sekondari juzi, wakiniita baba, wengine kwa heshima na wengine kwa utani wa Sheng ambao sikuuelewa mpaka mwaka wa pili. Majina ya mifupa yalinitesa. Nilikuwa nimeacha kusoma muda mrefu, na kichwa kilikuwa kama pampu iliyokaa bila maji. Unapiga, unapiga, hakuna kitu, kisha ghafla yanakuja. Nilibandika majina hayo kwenye ukuta wa chumba nilichopanga, na mwenye nyumba alipokuja akadhani ni uganga. Kwa kazi ya mikono, hata hivyo, sikuwa na wasiwasi. Mara ya kwanza tulipofungiana plasta sisi kwa sisi kwa mazoezi, mwalimu aliita darasa zima lije kuiona ya kwangu. Sikufurahi kimyakimya. Nilifurahi waziwazi na nikampigia nera simu.

"Imenyooka?" akauliza.

"Imenyooka, nera."

"Umeigonga?"

"Plasta ya mtu haigongwi."

"Basi utajuaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua, na jibu lake nililipata nikiwa mazoezini katika hospitali moja upande wa Mbita.

Aliletwa msichana wa darasa la tatu kutoka kisiwa cha Takawiri. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwamba walipokuwa wakicheza, akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Bibi yake alikuwa amekuja naye kwa boti asubuhi, mkono umefungwa kwa leso, na njia nzima, bibi alisema, mtoto alikuwa akiongea bila kunyamaza: mwamba ulikuwa na utelezi, nani alimcheka, nani alikimbia kumwita mtu mzima. Aliendelea kuongea hata daktari alipokuwa anautengeneza mkono. Nilimfunga mimi, msimamizi wangu akinitazama, naye akaridhika. Tukamwambia bibi angoje kidogo kabla ya kurudi.

Mchana upepo ukachafuka ziwani na boti hazikuondoka. Hilo lilikuwa bahati yetu. Nilipotoka kula niliwakuta wote wawili kwenye benchi la nje. Bibi akaniita.

"Daktari," akasema. Nilikuwa nimechoka kumweleza kila mtu kwamba mimi ni mwanafunzi tu. "Huyu amenyamaza."

"Labda amechoka, dani. Ametoka mbali." Dani ndivyo tunavyowaita kina bibi.

"Huyu hachoki kuongea. Nimemlea. Huyu amenyamaza vibaya."

Nikapiga magoti mbele ya msichana. Alikuwa ameuma mdomo, macho yake yakitazama mahali pasipo na kitu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na vimepauka. Nilivigusa, vilikuwa baridi. Nilimwambia atikise, akashindwa. Nikachukua kidole kimoja, nikakinyoosha polepole sana, naye akapiga yowe lililowainua watu wote kwenye veranda.

Tulikuwa tumefundishwa jambo hili. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba, na plasta ikishakauka haitanuki nao. Inaukaba mkono kutoka nje, damu inashindwa kupita, na nyama za ndani zinaanza kufa huku mfupa umenyooka vizuri kabisa kwenye picha. Darasani lilikuwa swali la mtihani. Sasa lilikuwa mtoto huyu.

Nilimbeba hadi chumba cha plasta nikimwomba nesi amtafute msimamizi wangu. Alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Nesi akarudi mbio na jibu: "Amesema fungua. Yote. Mpaka uone ngozi. Anakuja."

Msumeno wa plasta una kelele ya kutisha, ingawa hauzunguki kama grinda ya kukatia vigae. Unatetemeka tu, na ngozi laini haukati. Nimeshika grinda miaka mingi, nimeona ilichovifanya vidole vya watu. Kwa hiyo najua kwa nini watoto huuogopa. Nikauwasha, nikauweka kwanza juu ya kiganja changu mwenyewe mbele ya macho yake. "Unaona? Unatekenya tu." Hakujibu. Nikaanza kukata, juu hadi chini, nikapanua plasta kwa koleo, nikachukua mkasi wenye ncha butu nikakata pamba yote, hata uzi wa mwisho, kwa sababu pamba iliyokauka nayo hukaba. Mkono ulitoka ukiwa na alama za mikunjo. Nikauinua kwenye mto, nikasubiri.

Sitasema ulikuwa muda gani. Bibi alikuwa amesimama ukutani akiomba kwa Kijaluo, chini kwa chini. Nilikuwa nimeshika vidole vile vyote kwenye kiganja changu, na nilichokuwa nikifikiria si mshahara wala kazi isiyosimama. Nilikuwa nikifikiria kwamba kigae kibaya unakivunja na kuweka kingine.

Joto lilirudi kwanza. Kisha rangi. Msimamizi alipoingia, akiwa bado na kofia ya upasuaji, alinyoosha vidole mwenyewe kimoja kimoja, na msichana akakunja uso lakini hakupiga yowe.

"Ulikuwa mkono mzuri uliofungwa vizuri," msimamizi akaniambia. "Umevimba kupita plasta. Inatokea. Umefanya haraka." Akamgeukia bibi. "Wewe ndiye umeuokoa, mama. Leo hamrudi, atalala hapa tumwangalie."

Jioni nilipopita wodini kabla ya kuondoka, msichana alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu mwamba, utelezi, na yule aliyecheka. Nikampigia nera. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake: mtu unamgonga kwa kumuuliza bibi yake. Akacheka. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama ningerudi mjengoni.

Ningependa kusema kwamba baada ya chuo kazi ilinikuta mlangoni. Haikunikuta. Kaunti zilikuwa zimesimamisha kuajiri, na wenzangu wengi walikaa nyumbani na vyeti vyao. Kuna majirani walionicheka, si kwa ubaya, wakisema nimeacha njaa moja kwenda nyingine. Sikuyumba. Nilijua mifupa ilikuwa bado inavunjika kila siku, na kila ilipovunjika kulikuwa na mahali fulani chumba kinachohitaji mtu. Nilizunguka hospitali zote, za kaunti, za misheni na za watu binafsi, Migori hadi Homa Bay, nikijitambulisha kwa wenye vyumba vya plasta badala ya kungoja matangazo. Siku zisizo na mzunguko nilimsaidia nera vibarua vyake. Hatimaye hospitali moja ya misheni huku Migori ikanipa mkataba mfupi, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Kaunti ilipoanza tena kuajiri nilikuwa nimeshafunga wagonjwa wengi kuliko walionisaili walivyodhani.

Kwenye usaili mama mmoja wa jopo aliniuliza kwa nini niliacha ufundi.

"Kazi ilikwisha," nikamwambia.

"Kwa hiyo umekuja kwetu kwa sababu ya mshahara?"

"Nilikuja nikitafuta kazi ambayo haisimami. Ningekudanganya nikisema vingine. Lakini kuna kazi nyingi ambazo hazisimami, madam. Hii nimeichagua kwa sababu naiweza."

Mwenzake akaandika kitu. Mama yule akaendelea kunitazama kidogo, kisha akaniuliza ningefanya nini mgonjwa mwenye plasta akinyamaza ghafla. Nikamweleza. Nilitoka mle nikijua nimepata.

Sasa chumba cha plasta ni changu, mimi na mwenzangu mmoja. Uchumi haujawa mzuri. Mshahara huchelewa kweli, kama nilivyoonywa, na miezi hiyo mashine ya Nyar Rusinga hutulisha. Tumegoma, tumerudi. Hata hivyo wadogo zangu wote wamesoma, nyumba yetu ina sakafu niliyoiweka mwenyewe, na nera, ambaye magoti yamemshinda, huja kukaa kwetu wiki nzima nzima akikosoa pembe ya jikoni. Vijana wa mjengo huja kuniuliza ni kozi gani ina kazi. Huwa siwaambii kozi. Huwaambia waende wakasimame kwenye mlango wa hospitali, waangalie watu wakifanya kazi mpaka waone mikono ambayo wangependa iwe yao, ndipo waje tuongee.

Alhamisi ni siku ya kutoa plasta, na ndiyo ninayoipenda. Juzi alikuja mtu wa bodaboda, kijana mwenye mdomo, mguu wake umekaa ndani ya plasta tangu kabla ya mvua. Nilipoupasua akautazama ulivyokonda, ngozi imekauka kama magamba.

"Daktari, huu si wangu. Mmenibadilishia."

"Ni wako. Shuka."

"Utanishika?"

"Nitakaa hapa karibu. Shuka."

Akateremsha miguu, akaegemea magongo, akaugusisha ule mwembamba sakafuni kama mtu anayepima maji ya ziwa asubuhi. Akasimama. Akatembea hadi mlangoni akitoa jasho, akageuka, akarudi, akaketi na kuomba maji. Nikampa, nikamwandikia siku ya mazoezi, nikaita anayefuata.